Siki, chokaa na tumbo la mtoto wa nguruwe

Mtoto wa nguruwe anayeumwa tumbo huanza kwa kujitenga. Wenzake wamelaliana kama viazi ndani ya gunia, yeye yuko kwenye kona ya simenti tupu, mgongo umepinda, manyoya yamesimama, na ule mkia uliokuwa umejisokota sasa umening'inia. Ukiuona mkia umening'inia jioni, usiseme utaangalia asubuhi. Mimi nilisema nitaangalia asubuhi. Ilikuwa Julai 2021, kusi imekaza, na katika watoto tisa niliokuwa nimewaachisha ziwa siku kumi nyuma nilizika watatu chini ya mkorosho. Sita waliobaki walikonda hadi mtu angeweza kuwahesabu mbavu akiwa nje ya boma.

Nafuga Msabaha, kabla hujafika Malindi ukitokea Gede. Sikuzaliwa mfugaji. Nilikuwa mpishi kwenye hoteli ya ufukweni miaka kumi na minne. Machi 2020, ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa kwa ajili ya korona, jiko lilifungwa nasi tukarudi makwetu na nguo za kazi kwenye mifuko ya plastiki. Shemeji yangu wa Kaloleni akaniambia watu hawajaacha kula kitimoto eti kwa kuwa Wazungu hawapo, akanipa majike wawili kwa mkopo wa kulipa watoto. Banda nikalijenga nyuma kabisa, ng'ambo ya mikorosho, kwa sababu nusu ya majirani zangu ni Waislamu, na adabu haingoji uambiwe.

Kila aliyejua kazi yangu ya zamani aliniuliza kwa nini nisichukue makombo ya hotelini. Nijibu hapa mara moja. Homa ya nguruwe ya Afrika iliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya, mwaka 1921, na mpaka leo haina tiba. Inasafiri vizuri sana ndani ya mabaki ya nyama ya nguruwe ambayo hayakuchemshwa. Mimi najua ndoo ya makombo ina nini ndani, nimeijaza mwenyewe mara elfu. Sikutaka.

Basi nikawa nachanganya chakula kwa mkono wangu: mahindi ya kusaga, pumba ya ngano, mashudu ya alizeti, soya ya kukaanga (mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, usithubutu), dagaa wakavu, machicha ya nazi, chumvi. Na kwa ajili ya mifupa, maganda ya kombe na chaza kutoka pwani, yaliyotwangwa. Maganda ni bure. Kitu cha bure mtu hakipimi: nilikuwa natia bakuli lililojaa kwa kila gunia, na siku nyingine nikiongeza la pili nikijiona mfugaji mkarimu.

Baada ya kuzika wale watatu nilitaka dawa. Sikutaka elimu, nilitaka dawa. Kwenye agroveti moja nikauziwa pakiti yenye picha ya nguruwe mweupe mnene, haina maandishi ya kueleza kilichomo. Muuzaji akasema, "Kaka, changanya na chakula, mwezi haujaisha utaniletea zawadi." Uzao uliofuata ulikuwa Desemba, joto la kaskazi, watoto wanane. Nikawatilia ule unga wote wanane. Hakufa hata mmoja. Wakanenepa. Nikaisifu pakiti kila kilabu cha mnazi nilichopita.

Mke wangu akanisikia siku moja namhubiria mgeni, akauliza huku anapepeta mchele, bila kuinua kichwa: "Umejuaje kuwa ni dawa, na si jua?"

Sikuwa na jibu. Julai ilikuwa baridi na Desemba ilikuwa joto. Julai jike alikuwa mzazi wa kwanza, Desemba alikuwa mwingine. Julai sakafu ilikuwa na maji, Desemba nilikuwa nimeshaweka maranda ya mbao. Vitu vinne vimebadilika, nami sifa zote nimempa mmoja, yule niliyemlipia.

Ndipo nikanunua mizani ya kuning'inia, ile ya ndoano wanayopimia samaki, na daftari la shule. Banda la watoto nikaligawa kwa ukuta mfupi: kulia na kushoto. Siku ya kuwaachisha ziwa kila mmoja anatiwa kwenye gunia, anapiga kelele zake, anapimwa. Kisha nawapanga pea: wawili wa mama mmoja wenye uzito unaokaribiana. Narusha shilingi juu, ikianguka kichwa, mkubwa wa pea anakwenda kulia, mwenzake kushoto. Kulia wanapata kitu kipya, kushoto hawapati. Baada ya siku kumi na nne napima tena. Ni kazi ya kijinga ukiitazama kwa mbali, na mwanangu wa pili mwanzoni alikuwa anaona aibu kushika gunia marafiki zake wakipita. Lakini daftari hilo limenitoa ujinga mwingi kuliko semina zote nilizolipiwa soda.

Kitu cha kwanza kukijaribu hivyo kilikuwa zinki oksaidi. Nilielezwa na daktari wa mifugo anayezungukia upande wetu kwa pikipiki, dada mmoja mwenye subira. Alichuchumaa akanichorea tumbo kwenye vumbi kwa kijiti. Mtoto anaponyonya, alisema, sukari ya maziwa inageuzwa na bakteria wazuri kuwa asidi ya laktiki, ile ile inayochachusha maziwa mala. Asidi hiyo inalifanya tumbo kuwa chachu, na uchachu ule ndio mlinzi wa mlango. Ukimnyang'anya ziwa akiwa na siku 28, mlinzi anaondoka. Tumbo lake lenyewe bado halijui kutoa asidi ya kutosha, litajifunza wiki kadhaa baadaye. Hapo hapo siku mbili za kwanza mtoto hali kitu, anamlilia mama. Utumbo una vidole vidogo vidogo vya kunyonya chakula, navyo vikikosa chakula vinafupika. Siku ya tatu njaa inamzidi, anajaza tumbo kwa pupa, protini inapita haijasagika, na huko chini bakteria wa E. koli wanafanya harusi.

"Zinki inavunja hiyo harusi," akasema. Kipimo: kama gramu 155 kwa gunia la kilo 50, wiki mbili tu, si siku moja zaidi, kwani ikizidi muda inageuka sumu. Na akasema nisije nikajidanganya kuwa ni vitamini.

Juni 2022 nikajaribu. Watoto kumi, pea tano. Waliopata zinki waliongeza wastani wa kilo 3.2 kwa wiki mbili. Wasiopata, kilo 1.9, na wawili kati yao walihara. Sikuhitaji mtu wa kunisomea hesabu hiyo. Ukweli usemwe: kati ya vyote nilivyojaribu kwenye banda lile, hakuna kilichofanya kazi waziwazi kama zinki.

Na mwaka huo huo nikaiacha.

Daktari alikuwa amenidokeza kuwa mwezi ule ule wa Juni 2022 Umoja wa Ulaya ulikuwa unaipiga marufuku zinki ya kipimo cha dawa kwenye chakula cha nguruwe. Mimi nikamwambia Ulaya ni Ulaya, Msabaha ni Msabaha. Akaniuliza samadi yangu inakwenda wapi. Samadi yangu inakwenda kwenye mchicha na mnavu wa mke wangu, kila wiki, miaka nenda miaka rudi, shamba lile lile la robo eka. Akaniambia zinki nyingi mnyama haichukui mwilini, anaitoa ilivyo. Ni madini, haiozi, hailiwi na wadudu, inakaa kwenye udongo na inaongezeka. Na bakteria wanaozoea zinki wengine wanazoea pamoja nayo dawa za kuua bakteria. Unga wa njano wa oksitetrasaiklini, ambao jirani yangu mmoja anautia kwenye chakula kila siku kama anatia chumvi, nao ulifutwa Ulaya kitambo kama kitu cha kukuzia mifugo, na dawa za mwisho za kuua bakteria zilizotumika hivyo zikafutwa Januari 2006. Hapo nilinyamaza. Si kwa ajili ya Ulaya. Kwa ajili ya mchicha.

Sasa niweke nini? Kama mlinzi wa mlango ni asidi, nikasema, asidi naijua, mimi ni mpishi. Na upande wetu asidi inagemwa mnazini. Mnazi mtamu asubuhi, mkali jioni, ukiuacha wiki kadhaa unakuwa siki. Nikamwendea mzee mmoja mgema ambaye mnazi ukimlalia anautia kwenye mtungi. "Mjukuu wangu, siki yote hii ya nini, unafanya achari ya kijiji?" Nilipomwambia ni ya nguruwe alicheka hadi akakaa chini, kisha akaniuzia kwa bei ya achari.

Nilitia siki kwenye maji ya kunywa ya upande wa kulia, vijiko vichache kwa ndoo ya lita 20. Pea nne. Wiki mbili. Upande wa siki: kilo 2.3. Upande wa maji matupu: kilo 2.4. Hakuna kitu. Uzao uliofuata nilikuwa na mabaki ya zinki ya kumalizia, nikayatia kwenye chakula na siki nikaitia kwenye maji, nikitegemea moja na moja itakuwa tatu. Haikuwa hata mbili. Daktari aliposikia alijifunika uso. Zinki oksaidi yenyewe inameza asidi, akaniambia, ukiziweka pamoja umeipa siki kazi ya kupigana na zinki badala ya bakteria.

Neno hilo, kumeza asidi, lilinikaa kichwani lakini sikulielewa mpaka nilipokutana na fundi wa bwawa.

Huyu ni rafiki yangu tangu hotelini, kazi yake kutunza mabwawa ya kuogelea, na hoteli zilipofunguliwa tena alirudi kazini. Ni Mwislamu mshika dini. Bandani kwangu hajawahi kuingia wala simwombi. Akija tunakaa chini ya mwembe barazani, tunakunywa chai ya tangawizi, tunasema watu. Siku hiyo nilikuwa namlalamikia siki yangu, akaniuliza maji natoa wapi. Kisimani, nikamwambia, kisima cha babu, kimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe.

"Niletee kwenye chupa," akasema. "Nguruwe ni wako, lakini maji ni maji."

Akatoa mfukoni kile kichupa chake cha karatasi za kupimia bwawa. Akachovya. Ile rangi inayoonyesha uchachu wa maji ilikwenda upande wa chokaa, na ile inayoonyesha uwezo wa maji kumeza asidi ilipita rangi ya mwisho iliyochorwa kwenye kichupa. Akanicheka kwa furaha ya fundi anayeona ugonjwa anaoujua. "Wallahi, haya ndiyo maji ninayopigana nayo kila wiki. Namwaga asidi dumu zima bwawani, kesho kutwa imemezwa. Wewe umetia vijiko vya siki! Vimemezwa kabla ndoo haijafika bandani." (Asidi yake ya bwawa, nisije nikaeleweka vibaya, ni kali ya kuunguza ngozi. Haina mahali kwenye maji ya mnyama.)

Nilikwenda jikoni nikaitazama sufuria ya kuchemshia maji. Chini yake kulikuwa na ganda jeupe, nene kama ukucha, nililoliona miaka yote nikadhani ni uzee wa sufuria. Nikalimwagia siki. Likatoa povu.

Hapo akili ilianza kukimbia. Nikaenda stoo nikachota konzi ya chakula cha watoto wa nguruwe, nikakitia kwenye sahani, nikakimwagia siki ile ile. Kikatoa povu nacho, pole pole, vipovu vidogo kandokando ya kila kipande cha kombe.

Chokaa. Nyumba zetu za zamani ni matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, magofu ya Gede yamesimama kwa chokaa, wazee wanapaka chokaa kwenye tambuu, kisima ni chokaa, na mimi kwa ukarimu wangu nilikuwa nachukua tumbo la mtoto lisilokuwa na asidi nalitia bakuli la chokaa kwa kila gunia. Halafu nanunua asidi kwenda kuifukuza. Nilikuwa nalipa mlinzi na kumlewesha.

Daktari alinithibitishia, ingawa alinionya nisiende mbio. Mtoto anahitaji kalsiamu, mifupa haijengwi kwa maneno. Lakini dagaa wangu wanaliwa na miiba yao, nayo ina kalsiamu. Kwa siku 14 za kwanza baada ya ziwa, akasema, punguza maganda hadi karibu na hakuna, kisha rudisha kwa kipimo, si kwa bakuli. Pia akaniagiza nipunguze kidogo protini ya siku hizo, kwa sababu hata protini inameza asidi, na ile isiyosagika ndiyo karamu ya E. koli. Hilo lilinishangaza zaidi ya chokaa. Mimi nilikuwa namwongezea dagaa kila mtoto aliyekonda.

Mwaka 2023 nikalijaribu hilo peke yake, bila siki, bila unga wowote, na kwa maji yale yale ya kisima pande zote mbili, ili nisirudi kwenye swali la mke wangu. Kulia chakula kisicho na maganda, kushoto chenye maganda kama zamani. Uzao wa kwanza: kilo 3.0 kwa 2.3. Wa pili: kilo 2.9 kwa 2.1. Sikuwa nimenunua kitu. Nilikuwa nimeondoa kitu.

Baada ya hapo ndipo nilipobadilisha maji. Mvua ikinyesha nakinga ya paa la mabati, kiangazi nanunua ya bomba. Maji yetu ya bomba yanatoka visima vya Baricho, kandokando ya mto Sabaki, na kwa karatasi za fundi yalionekana mepesi kuliko ya kisima cha babu. Ni gharama, lakini ni ya wiki mbili tu kwa watoto tu. Wakubwa wanakunywa ya kisima na hawana neno.

Sasa, hizi nyongeza za kutia kwenye chakula. Nimeanza na chokaa kwa makusudi, kwa sababu mtu akinipigia simu siku hizi anataka kujua jina la unga, nami namrudisha kwenye ndoo ya maji na anakasirika. Lakini sisemi unga wote ni uongo. Baada ya chokaa kutoka, nilijaribu tena asidi, safari hii ndimu ya unga, ile ya achari na sharubati, gramu 10 kwa kila kilo ya chakula. Nimeijaribu kwenye uzao tatu. Mara ya kwanza watoto wa upande wa ndimu walizidi kwa gramu 400 kila mmoja kwa wiki mbili. Mara ya pili hawakuzidi kabisa. Mara ya tatu gramu 200. Ukinibana nitasema inasaidia, na inasaidia zaidi wakati wa kusi na kwa watoto waliotoka ziwani wakiwa wepesi. Lakini pea nne au tano ni chache. Mtoto mmoja akiumia mguu wastani wote umelala. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema kiongezeo fulani kimempa asilimia fulani kamili kabisa, namuuliza: pea ngapi, mara ngapi, na msimu gani? Wengi hawakuwa na pea hata moja.

Hamira nilijaribu. Nilisoma kuwa chachu wanayowapa nguruwe ni ya jamii ile ile inayoumua mkate, nikasema basi hamira ya mandazi itatosha. Kwangu haikuonyesha tofauti yoyote, zaidi ya harufu ya kilabu bandani. Mkaa wa kusaga, kitunguu saumu, mbegu za papai, vyote nimevipitisha, vyote vimeandikwa daftarini kwa mstari mmoja mmoja. Kuhusu vimeng'enya vya dukani, kile kinachoitwa faitezi kina maana: fosforasi nyingi ya nafaka imefungwa mahali ambapo nguruwe hawezi kuifungua, nacho kinaifungua. Lakini mfuko mdogo kabisa niliouona ungenitosha miaka mitatu, na kwa joto letu ungekufa kabla ya miezi minne. Nimewaachia wenye mabanda makubwa.

Kilichonikaa mkononi ni uji uliochacha. Si mtaalamu aliyenifundisha, ni marehemu nyanya yangu, ingawa yeye alikuwa akitupa sisi. Unga wa mahindi unachanganywa na maji ya mvua, unafunikwa kwa kitambaa, na unaachwa. Mara ya kwanza unatiwa kikombe cha mala, baada ya hapo unabakiza uji wa jana kidogo kila siku kuchachushia wa leo. Siku ya pili unanuka uchachu mzuri. Hapo asidi ya laktiki imo tayari, ile ile aliyokuwa akiitengeneza mtoto kutokana na maziwa ya mama. Nachanganyia chakula kikavu ndani yake kiwe laini kama rojo, nawapa kidogo kidogo mara tano kwa siku kwenye sinia pana ili wote wale pamoja kama walivyozoea ziwani. Hapa ndipo mambo yalipobadilika kweli, kwa sababu wanaula siku ile ile ya kwanza. Zile siku mbili za njaa zimepungua zikawa nusu siku. Lakini angalieni, sinia lazima lioshwe kila mara. Uji ukikaa kwenye jua la saa sita na nzi wakatua, si uji tena. Nilipoteza mtoto mmoja kwa uvivu huo na siwezi kumlaumu yeyote.

Na baridi. Watu wa bara wananicheka nikisema watoto wangu wanaona baridi Malindi. Usiku wa kusi, Julai, hali ya hewa inashuka hadi nyuzi 22 au 23, na mtoto aliyeachishwa ziwa na wiki nne anataka kama 28. Kwenye simenti yenye mkojo na upepo unaopita chini ya mlango, anachoma chakula chote kujipasha moto. Nimewatengenezea sanduku la mbao lenye maranda na gunia mlangoni, limenigharimu kazi ya siku moja. Kaskazi ina shida yake nyingine: Februari na Machi jike anashindwa kula kwa joto, maziwa yanapungua, na watoto wanafika siku ya kuachishwa wakiwa wepesi kabla hata sijawakosea mimi.

Jambo la mwisho nililolibadilisha ni siku yenyewe. Siku 28 nilizichukua kwa watu wenye mabanda ya majike mia. Nikakaa na kalamu. Mimba ni siku 114, na siku sita hivi baada ya kuachisha jike anarudi kwenye joto, yaani kutaka dume. Nikiachisha siku ya 28, mzunguko ni siku 148. Nikiachisha siku ya 42, ni siku 162. Tofauti kwa jike mmoja ni uzao mmoja katika karibu miaka mitano. Mimi nina majike wawili. Kwa hiyo nilikuwa nawanyang'anya watoto wadogo namna ile ziwa, nazika, nanunua unga, nagema siki, kwa ajili ya uzao mmoja wa ziada kila miaka miwili na nusu! Sasa naachisha kati ya wiki ya tano na ya sita, kulingana na jike alivyo. Mtoto wa wiki sita ameshaonja chakula, tumbo limeanza kujua kazi yake. Tofauti ya ndimu na isiyo ndimu kwa watoto wa umri huo imekuwa ndogo hivi kwamba kwenye daftari naiandika kwa penseli.

Muuzaji wa ile pakiti ya picha bado ananiuliza kila nikipita kama nimekwisha kunenepesha. Mzee mgema ananiuliza achari imefika wapi. Fundi wa bwawa ndiye pekee anayeuliza namba. Wiki iliyopita alikuja na kichupa kipya cha karatasi, akakaa chini ya mwembe, akasema, "Haya, nisomee." Nikamsomea: uzao wa pea tano, kulia uji wenye ndimu, kushoto uji mtupu, siku ya 14. Pea nne za kulia zimezidi kidogo. Pea ya tano, wa kushoto, yule mwenye doa jeusi sikioni aliyeachishwa akiwa na kilo 6.4, mdogo kuliko wote, amempita mwenzake wa ndimu kwa kilo nzima.

"Kwa nini?" akauliza.

Nikamwambia sijui, nimemwandika hivyo hivyo.